Petroli au Dizeli: Kwa Anayevuta Trela Bonde la Lambwe

Ukiuliza sokoni Rodi Kopany ununue pikapu gani ya kuvutia trela, utajibiwa kabla hujamaliza swali: chukua dizeli. Jibu hilo lina ukweli mwingi, na mimi mwenyewe hulitoa mara kwa mara. Shida ni kwamba limekuwa kama amri, na kuna watu linawaumiza. Mfugaji anayepeleka ng'ombe sokoni mara moja kwa mwezi anauziwa dizeli ya kisasa yenye kompyuta kila pembe. Mwaka wa pili noseli zinakufa, na bei ya kuzibadilisha inameza faida ya ng'ombe wote aliowauza. Jirani yake anayeuza maji kwa bouza kila siku amenunua petroli kwa sababu aliipata kwa bei nafuu, na sasa pato lake linaishia kwenye kituo cha mafuta. Wote wawili wana magari mazuri. Ila kila mmoja anahitaji la mwenzake.

Mambo matatu ndiyo yanayochagua injini: uzito halisi wa trela lako, mlima ulio njiani, na mara ngapi kwa wiki unavuta ukiwa umejaza. Na kabla ya injini kuna breki, jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa.

Tuanze na uzito, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Zebu wetu wa kienyeji aliyekomaa huwa na kilo 250 hadi 300 hivi, na fahali mnene huzidi hapo. Ukipakia sita, umeshakaribia tani moja na nusu au kuipita. Trela la chuma la mihimili miwili lililochomelewa jua kali lenyewe lina kilo 700 hadi 900, maana mafundi wetu hawabanii chuma. Jumla unavuta tani 2.5 kabla hujahesabu kijana aliyedandia nyuma kushika kamba, ambaye pia hafai kuwa pale. Maji ni rahisi kuyahesabu: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 ni tani 2 bila chuma chake. Saruji ni mifuko 20 kwa tani. Mahindi ya gunia la kilo 90 ni magunia 11 kwa tani. Fanya hesabu hiyo kwenye karatasi kabla hujaangalia gari lolote, na ukipata nafasi ya kupitisha trela lako kwenye mizani ya malori, lipitishe likiwa limejaa. Nambari utakayoiona huenda ikakushtua.

Sasa ilinganishe na kitabu cha gari. Pikapu nyingi za kisasa za tani moja, Hilux mpya ya magurudumu manne yanayoendeshwa ikiwemo, huruhusiwa na mtengenezaji kuvuta hadi kilo 3,500. Kiwango hicho kina sharti: trela liwe na breki zake. Trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750. Soma sentensi hiyo mara ya pili, kisha tembea kwenye soko lolote la mifugo Nyanza Kusini ukague matrela. Mengi yana mihimili iliyong'olewa kwenye gari kuukuu, na hayana hata waya mmoja wa breki. Mwenye trela kama hilo hana haja ya kubishana kuhusu petroli na dizeli mpaka alipeleke kwa fundi. Breki rahisi ni zile zinazojifunga zenyewe trela linapoisukuma pikapu kwa nyuma. Hazihitaji umeme, na fundi makini wa matrela anaweza kuzifunga. Pesa hizo zitoe kwanza. Injini ifuate.

Uzito ukishajulikana, tuangalie nchi yenyewe. Sakafu ya Bonde la Lambwe iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi kuna Milima ya Gwassi, upande wa kusini mashariki ukuta wa Kaniamwia unaolitenganisha bonde na Ndhiwa, na katikati Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Barabara ya Homa Bay kwenda Mbita ina lami. Ukiiacha, unakutana na murram, na chini ya murram kuna ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi mvua za Machi zikianza. Kwa hiyo gari la kuvutia hapa lina kazi tatu: kupanda mlima likiwa limejaa, kuteremka salama, na kujikwamua kwenye tope bila kuzungusha matairi ovyo.

Kwenye kupanda, dizeli yenye turbo ndiyo yenye kesi nzito. Injini ya Hilux ya dizeli ya lita 2.4 hutoa nguvu ya mzunguko ya hadi newton-mita 400, na inaitoa mapema, kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika hadi 2,000. Ile ya petroli ya lita 2.7 hutoa 245, tena mpaka uifikishe mizunguko 4,000. Isitoshe, mwinuko wetu una ushuru wake. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka baharini, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Hapa Lambwe petroli ya kawaida imeshapoteza kama asilimia 12 ikiwa bado imesimama uani. Turbo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini na kuirudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo. Ukiwa na safari za Kisii au Kericho, ambako ni juu zaidi, pengo linapanuka.

Hebu tuupande mlima kwa kalamu. Chukua pikapu na trela, pamoja tani 4.5, kwenye mwinamo wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, juu ya murram, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Magurudumu yanahitaji takriban kilowati 50, na ukiongeza zinazopotea kwenye gia na difu, injini itoe karibu 60. Dizeli ile, kwenye mizunguko 2,000, ina zaidi ya kilowati 80. Inapanda huku ukizungumza na abiria wako. Petroli kwenye mizunguko hiyohiyo 2,000 haifiki 45 katika hewa ya hapa. Itabidi ushuke gia, uipeleke 3,000 na zaidi, na kuishikilia hapo mpaka kileleni. Itapanda, nisikudanganye. Ila itapanda ikiunguruma, ikinywa mafuta, na radieta ikifanya kazi ya ziada. Ukifanya hivyo mara moja kwa mwezi, hakuna kilichoharibika. Ukifanya hivyo kila siku kwa miaka mitatu, klachi na gasketi ya silinda zitakuletea bili.

Neno moja kuhusu Land Cruiser, kwa kuwa nikilikwepa nitaandikiwa barua. Ile ya pikapu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, inaheshimiwa Lambwe nzima, na inastahili. Lakini nguvu yake ya mzunguko ni newton-mita 285, na katika mwinuko wetu inashuka hadi kama 250. Hilux ya turbo yenye injini ndogo zaidi inaishinda mlimani kwa mbali. Sifa ya 1HZ iko kwingine: pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kugoma, fundi wa Ndhiwa anaifungua kwa spana na kuifunga tena, na inavumilia mafuta yenye kasoro ambayo yangeiua dizeli mpya. Anayeinunua ananunua uvumilivu, na kwa mtu anayelala mbali na lami hiyo ni sababu nzuri ya kutosha. Asiinunue tu akitarajia mbio mlimani.

Kuteremka kuna habari ambayo wapenzi wa dizeli hawaisemi. Ukiondoa mguu kwenye petroli, mlango wa hewa unafungwa, injini inavuta hewa isiyopatikana, na kazi hiyo inalizuia gari. Dizeli nyingi haziuzibi mlango wa hewa hivyo, kwa hiyo zikiwa gia ileile hulizuia gari kidogo zaidi. Ndiyo maana malori ya Isuzu na Fuso yana kile kijiti karibu na usukani kinachoziba bomba la moshi ili injini isaidie breki. Pikapu yako ya dizeli haina kitu hicho. Basi ushuke Kaniamwia kwa gia uliyopandia, au moja chini yake, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa nguvu kiasi kisha uziachie zipoe. Usiziburute kwa mguu mwepesi njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali palipo sawa, weka jiwe, subiri. Na ukiondoka, liondoe jiwe hilo barabarani. Mwendesha boda wa usiku hana namna ya kuliona.

Breki, uzito na mlima vikishapimwa, bado kuna suala la mafuta yenyewe, na hili ndilo limewafilisi wengi kuliko mlima.

Dizeli ya zamani ilisukuma mafuta kwa pampu ya kawaida. Dizeli ya leo ina bomba moja la pamoja linaloshikilia mafuta kwa shinikizo linaloweza kufika bar 2,000 na kuyanyunyizia kupitia matundu membamba sana. Kitu kidogo tu, tone la maji au vumbi la pipa, kinatosha kuyakwaruza. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayana ulainisho ambao pampu inautegemea. Mchezo huo ulikithiri Kenya mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei iliyokuwa ikiwashawishi wachanganyaji itoweke. Hali ilipungua makali. Haijakupa ruhusa ya kununua dizeli kwenye mtungi wa plastiki kando ya njia.

Hapo ndipo jiografia ya bonde inapoingia. Kando ya ziwa, kuanzia Mbita hadi Sindo na fuo za huko mbele, injini za mashua zinatumia petroli, na bodaboda vilevile. Kwa hiyo petroli utaipata hadi kwenye vibanda, ndani ya chupa, kwa bei ya kukukamua. Upande wa Ndhiwa na Awendo mambo ni tofauti: matrekta na malori ya miwa yanayokwenda Sukari Industries na kiwanda cha Sony, ambacho kimekuwa kikisaga tangu 1979, yote ni dizeli, na vituo vya huko huuza dizeli nyingi. Mafuta yanayouzwa upesi hayakai kwenye tangi la kituo na kukusanya maji. Kwa mwenye dizeli ya kisasa, ushauri wangu ni kuchagua kituo kimoja au viwili vyenye msongamano wa malori, kujaza hapo tu, na kuweka risiti. Tangi lisikae nusu usiku kucha wakati wa mvua, kwa kuwa nafasi tupu hutoa unyevu unaogeuka maji. Chini ya chujio la dizeli kuna skrubu ndogo ya kutolea maji. Weka chupa safi chini yake, ifungue kila wiki, uangalie: maji hukaa chini, dizeli juu, na mstari kati yao unaonekana wazi. Ukiona maji ya kimo cha kidole, usirudi kituo kile. Dakika tano hizo zinakinga kifaa chenye bei ya ng'ombe kadhaa.

Na mhudumu akikosea akatia petroli kwenye tangi la dizeli, usiwashe gari. Usilijaribu hata kidogo. Hata kufungua swichi tu kunaweza kuwasha pampu. Lisukumeni pembeni, mwite fundi amwage tangi lote. Waliowasha wakisema "nitaendesha polepole hadi nyumbani" ndio waliobadilisha pampu, noseli na mabomba yote kwa mara moja.

Kuna kifaa kingine cha kuulizia kabla ya kununua dizeli iliyotumika kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo karibu kila dizeli inayoingia leo ni ya kisasa, na nyingi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi, na ili lichome linahitaji injini ipate moto wa kutosha kwa muda mrefu, kama kwenye safari ya lami isiyokatika. Mtu anayetoka nyumbani Lambwe hadi soko lililo karibu, kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, kisha gari linalala siku tano, halipi nafasi hiyo. Chujio linaziba, taa inawaka, gari linapunguza nguvu lenyewe. Anayevuta mzigo mzito safari ndefu kila wiki hakutani na shida hiyo kabisa. Kwa maneno mengine, kazi ndogo huidhuru dizeli mpya, na kazi kubwa huipa afya. Mfugaji wa safari moja kwa mwezi aliyetajwa mwanzoni anaangukia hapo pia.

Sasa pesa. Bei za juu za mafuta hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na tofauti kati ya dizeli na petroli hubadilika mwezi hadi mwezi. Tofauti hiyo si ya kukufanya ubadilishe gari. Faida kubwa ya dizeli ni lita zenyewe: kila lita ya dizeli ina nishati zaidi kidogo ya petroli, na injini yake huitumia vizuri zaidi. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba ukiwa na trela, dizeli inakula lita 13 kwa kilomita 100 na petroli lita 18. Anayevuta kilomita 200 kila wiki ataokoa lita 520 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya Sh180, hiyo ni Sh93,600. Anayevuta kilomita 60 mara moja kwa mwezi ataokoa lita 36, yaani Sh6,480. Kama dizeli ile ilimgharimu Sh400,000 zaidi ya petroli wakati wa kununua, wa kwanza atarudisha pesa yake katika mwaka wa tano. Wa pili hataishi kuiona ikirudi. Weka nambari zako badala ya zangu, na uongeze safari ambazo huvuti kitu, kwa kuwa huko nako dizeli inaokoa, japo kidogo. Kisha upande wa pili weka huduma: dizeli hubeba oili nyingi, machujio yake ni ghali, na noseli zikifa hazifi moja moja.

Kwa hesabu hiyo ningemwambia muuza maji, msafirishaji wa samaki mwenye kontena la barafu, na mwenye trela la kokoto anayefanya kazi siku sita kwa wiki: nunua dizeli yenye turbo, na ukipata iliyouzwa mpya hapa nchini, chukua hiyo kuliko iliyotoka mnadani Japani, kwa sababu iliandaliwa kwa mafuta na vumbi la huku. Ningemwambia mfugaji wa safari moja kwa mwezi, mwalimu mwenye shamba la mahindi, na mwenye mashua anayeihamisha mara mbili kwa mwaka: petroli inakutosha, alimradi trela lisizidi tani 2 na lina breki. Siku ya mzigo mkubwa kuliko huo, kodi Canter. Watu huona aibu kukodi lori huku wana pikapu uani, na sioni kwa nini. Gari unaloendesha siku 360 bila trela lisichaguliwe kwa ajili ya siku tano.

Ukizidi tani 3.5, mjadala umekwisha. Hiyo ni kazi ya lori au trekta, na malori na matrekta tuliyo nayo yote ni dizeli. Nimeona pikapu za petroli zikivutishwa matrela ya mawe ambayo hata trekta lingesita, na kinachonihuzunisha zaidi ya injini ni wale wanaotembea kando ya barabara.

Ushauri wa Wamarekani, unaosambaa sana kwenye video, uusikilize kwa tahadhari. Wao wana petroli za silinda nane zenye lita 7, kwa mfano Ford ya lita 7.3 yenye newton-mita zaidi ya 600. Mmarekani akisema petroli inavuta tani 5 bila shida, anasema kweli kuhusu injini hiyo, kwenye barabara kuu yenye lami. Petroli utakayoipata Homa Bay ni ya silinda nne na lita 2 au 2.7. Jina la mafuta ni lilelile, injini ni nyingine kabisa. Kuna pia wanaouliza kuhusu gesi, kwa kuwa wamesikia magari ya Dar es Salaam yanatumia gesi asilia. Tanzania ina gesi yake ya Songo Songo na vituo vya kuijazia. Sisi bondeni hatuna kituo hata kimoja, na mitungi yake inakula uzito ambao ungebeba mzigo. Kwa sasa iache.

Tope nalo lina neno lake. Nguvu nyingi ya dizeli kwenye mizunguko ya chini ni baraka kwenye udongo mweusi, kwa sababu gari linatambaa polepole bila kurusha matairi. Lakini injini ya dizeli ni nzito, na uzito huo uko mbele. Magurudumu ya mbele yakizama, yamezama. Petroli ni nyepesi na hutoka kirahisi ikiwa tupu. Kwa vyovyote, pikapu ya magurudumu mawili yanayoendeshwa isiingie bondeni na trela baada ya mvua, iwe inakunywa nini. Matairi na magurudumu manne yataamua hapo, wala si mafuta. Na kama njia imeloa, subiri saa mbili jua lipige. Ng'ombe watasubiri.

Kupakia nako kunaweza kuiaibisha injini nzuri. Sehemu ya kumi ya uzito wa trela, au zaidi kidogo, ilalie kwenye kiungo cha pikapu. Trela la tani 2.5 likandamize kiungo kwa kilo 250 hivi. Ukipakia mzigo nyuma ya mhimili, mkono wa trela unanyanyuka, pikapu inapoteza mshiko wa nyuma, na kwenye mteremko trela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Likianza kuyumba, usikanyage breki za pikapu ghafla na usiongeze mwendo. Achia mafuta, shika usukani sawa, liache lipungue. Ng'ombe wakubwa wapande kwanza, wakae juu ya mhimili na mbele yake kidogo, na wafungwe wasisogee wote upande mmoja kwenye kona. Tangi la maji lijazwe lote au liwe tupu. Nusu tangi ndilo linalopindua magari, kwa kuwa kwenye kona maji hukimbilia upande wa nje.

Makaratasi nitayapita haraka. Trela lina usajili wake katika mamlaka ya usafiri, NTSA, na bamba lake linaloanza na herufi Z. Bamba la pikapu lililopakwa rangi nyuma ya trela halitoshi. Hakikisha leseni yako inakuruhusu kuvuta, na iambie kampuni ya bima kwamba unavuta, kwa maandishi. Taa za nyuma ziwake. Msimu wa miwa, barabara za Ndhiwa usiku zina matrela yasiyo na hata kiakisi, na usiwe mmoja wao.

Ukishaamua, na kama unanunua lililotumika, nenda asubuhi na mapema, gari likiwa limelala baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uweke kiganja kwenye boneti kuthibitisha. Liwashe mwenyewe. Dizeli yenye afya inashika upesi na moshi mweupe kidogo unaokata. Moshi wa buluu usiokata ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito unapoongeza mafuta unaelekeza kwenye noseli au turbo. Injini ikiwa inazunguka, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kimegeuzwa juu ya tundu lake. Kikitikisika tu, sawa. Kikirushwa na mvuke mzito ukatoka ukipuliza, ringi zimechoka, na injini hiyo haiwezi kuvuta trela hata kama inaenda vizuri ikiwa tupu. Kwa petroli, angalia maji ya radieta yasiwe na mafuta wala rangi ya chai ya maziwa, na usikilize kama kuna mlio wa kugongagonga ukikanyaga mafuta kwa ghafla.

Kisha mwambie muuzaji unataka kulijaribu na trela lililojaa, kwenye mpando wa Kaniamwia, ukiwa unaliendesha wewe. Mshale wa joto usipande kupita katikati. Klachi isinuke. Gia zisiruke. Shuka kwa gia ndogo uone kama gari linajizuia na kama usukani unatetemeka breki zikipata moto. Mwisho inama nyuma ya gari, ukitazame kile kipira cha kiungo cha kuvutia. Kipira kilicholika upande mmoja hadi kung'aa kimevuta mizigo mizito miaka mingi. Muuzaji akikuapia kwamba gari lilikuwa la kwenda kanisani tu, mpe bei ya gari lililofanya kazi, au mrudishie funguo.